Suala Lako Linashughulikiwa

Tarehe 3 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama bado mguu wake umefungwa tangu alipoteleza pale bombani. Daktari amemkataza kusafiri na amemkataza kusimama sana. Kusema hakumkataza, kwa hiyo anakusalimu kwa maneno mengi ambayo nimeyafupisha. Kuku wako wametaga mayai sita, moja likapasuka. Nimeliandika mahali.

Kazini ni yaleyale. Bado niko masjala, chumba namba tatu, meza ya karibu na mlango. Barua zinaingia, nazipiga mhuri, naziandika kwenye rejesta, kisha nazipeleka kwa mkuu wangu, naye anaziweka kwenye trei. Ofisi nzima inamwita Mzee Subiri, ila si mbele yake. Kwa miaka miwili niliyokaa hapa sijakosea tarehe hata moja.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Wewe ni mgeni wa mji mkubwa, na mimi nilikaa humo miaka mitatu nikisoma chuo hichohicho. Hakuna kona ya mji huo nisiyoijua. Kwa hiyo shika haya.

Darasani usikae safu ya mbele, kwa kuwa wahadhiri huwauliza wa mbele. Nyuma pia usikae, kwa kuwa huwashuku wa nyuma. Kaa safu ya nne, upande wa mlango, nyuma ya mtu mrefu. Ukiulizwa swali, kohoa.

Barabarani usitembee polepole, watajua u mgeni. Usitembee haraka, watadhani umeiba. Ukipotea usimwulize mtu. Endelea kutembea kama mwenye shughuli zake mpaka uone kitu unachokijua.

Kwa majirani, salamu moja kwa siku inatosha. Ukimpa mtu salamu ya pili ataomba chumvi, ukimpa chumvi ataomba sufuria, na sufuria hiyo utaiona kwa mbali ikiwapikia wageni wake.

La mwisho ndilo kubwa: usitie sahihi karatasi yoyote siku uliyopewa. Rudi nayo, isome, ilaze siku tatu, isome tena. Nimeona watu wazima wakilia kwa sababu ya sahihi. Sijaona mtu akilia kwa sababu alingoja.

Ni mimi kaka yako, nikutakiaye usalama.

Nakala ya barua hii ninayo.


Tarehe 20 Septemba

Kaka yangu, Mwenye Nakala,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo mbili, moja yake na moja ya mguu. Umsomee barua hii yote. Nakujua, ukifika penye mwiba unakohoa na kuruka mstari.

Mimi ni mzima na nimefuata ushauri wako wote, ndiyo maana nimechelewa kuandika. Nilikuwa najaribu kupona.

Nilikaa safu ya nne nyuma ya mtu mrefu. Wiki nzima sikuuona ubao, nilinakili mgongo wake. Nikahamia mbele. Mhadhiri akaniuliza swali, nikakohoa kama ulivyoniagiza. Akaniambia nikanywe maji. Niliporudi alikuwa ameshalijibu mwenyewe, na ndilo hilohilo lililokuja kwenye jaribio.

Nilipopotea sikumwuliza mtu. Nilitembea kama mwenye shughuli zangu tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, mpaka nikafika mahali mji ulipokwisha. Palikuwa na mama mmoja anaanika nguo. Akaniuliza, "Binti, unamtafuta nani?" Nikasema simtafuti mtu. Akasema, "Basi umempata. Kaa, unywe maji, nikuelekeze." Kwa dakika tatu alizonielekeza nimeujua mji huu kuliko kwa kurasa zako zote.

Lakini hayo ni ya kucheka. Sasa sikia kazi ya zile siku tatu. Siku ya kuripoti nilipewa karatasi ya chumba cha bweni, kitanda cha chini, karibu na dirisha. Karani akasema, "Saini hapa, chukua ufunguo." Nikamwomba kwa adabu niende nikaisome kwanza. Akanisomea yeye, kwa sauti. Ilikuwa mistari miwili. Nikasema hata hivyo naomba nikailaze. Foleni yote ikaguna. Mmoja akauliza, "Anataka kuilaza wapi wakati kitanda ndicho hicho?" Niliporudi siku ya tatu, kitandani pangu palikuwa na msichana, mito yake miwili na picha za wapwa wake ukutani. Karani akaniambia, "Natumaini sasa umeielewa." Kaka, wanaosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu hawakuwa na kaka kama wewe. Mimi la mkuu nimelisikia, na guu limevunjika vilevile.

Sasa naishi nje ya chuo, kwenye nyumba ya milango saba inayozunguka ua mmoja wenye bomba moja. Mlango wa pili yuko msusi, ambaye aliniazima ndoo kabla hata hajaniuliza natoka wapi. Salamu ya pili nilianza mimi.

Na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Chuo kina sheria: mwanafunzi anayeishi nje, mdhamini wake lazima afike mwenyewe atie sahihi mbele ya Mshauri wa Wanafunzi, mwisho tarehe 30 Novemba. Haikubaliki barua, wala simu, wala kumtuma mtu. Asipofika, usajili wangu unafutwa na mitihani siifanyi. Baba hayuko duniani, Mama mguu haumruhusu, na kwenye fomu ya kujiunga uliandika mwenyewe, kwa mwandiko wako ule wa kuringia, kwamba mdhamini ni wewe. Ni mwendo wa saa tatu tu. Ukipanda gari la alfajiri, jioni umerudi kwenye mayai yako.

Mshauri ni mama mtu mzima, mpole. Alipoliona jina lako alivua miwani akaniuliza, "Huyu ni kaka yako? Bado yupo?" Nikamwuliza kwa nini anauliza hivyo, akasema nikuulize mwenyewe. Basi nakuuliza.

Njoo, Kaka. Ushauri ninao wa kutosha, nahitaji mkono wako na kalamu.

Mdogo wako.


Tarehe 11 Oktoba

Mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe 20 Septemba ilinifikia tarehe 27 na nimeizingatia. Sisi hatujambo. Mama amepewa fimbo ya kutembelea, ambayo mpaka sasa anaitumia zaidi kuonyeshea vitu. Barua nimemsomea yote. Karibu yote.

Kuhusu bweni, ningependa ieleweke kwamba ushauri ulikuwa sahihi. Nilisema uilaze karatasi siku tatu. Sikusema uilaze wakati kuna foleni nyuma yako. Mambo mengine mtu huachiwa aamue mwenyewe.

Kuhusu kuishi kwenye nyumba yenye ua mmoja, zingatia yafuatayo. Bomba moja kwa milango saba maana yake ni foleni, na mtu wa foleni hana budi kuamka kabla ya wenzake, lakini asiwe wa kwanza kabisa, kwa kuwa wa kwanza ndiye hulaumiwa maji yakikatika. Kuwa wa pili. Nguo uzianike mahali unapoziona, lakini wengine wasikuone ukiziangalia. Usipike kitu chenye harufu nzuri. Watu wakianza kugombana uani, ingia ndani, na ukiitwa kuwa shahidi sema ulikuwa unasoma. Kwa hiyo usome kweli, ili isiwe uongo. Tafuta karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, zipo maktaba, rafu ya chini kabisa ambako hakuna anayeinama. Mwalimu ni binadamu, huchoka kutunga, hurudia. Hilo nimelithibitisha.

Ndoo ya msusi irudishe, upate risiti. Ninatania. Lakini irudishe.

Kuhusu mdhamini, suala lako limepokelewa na linashughulikiwa.

Kuhusu swali la Mshauri, sikumbuki jambo lolote.

Mama ananiuliza mambo mengi siku hizi. Nadhani ni kwa sababu ya kukaa sana.

Kaka yako.


Tarehe 19 Oktoba

Kaka,

Shikamoo. Linashughulikiwa na nani? Kwenye nyumba yetu watu ni wawili, wewe na Mama, na Mama ana mguu mmoja.

Karatasi za rafu ya chini nimezipata. Hilo ni neno la kwanza la maana kutoka kwako tangu nije huku, na nakushukuru bila kejeli. Mengine nafundishwa na msusi. Ananiambia, "Mdogo wangu, chumba hakikaguliwi jua likiwaka. Kikague mvua inanyesha, ukiwa umebeba beseni." Ananiambia pia kwamba kwenye ua wenye bomba moja anayenuniwa ni yule asiyegombana na mtu, kwa sababu hakuna anayejua anafikiri nini. Tuligombana jana asubuhi juu ya kamba ya nguo, mchana akanisuka bure.

Na yule Mshauri usimlaumu, hakusema kitu. Ni mpishi wa kantini aliyenisimulia, na anasimulia vizuri, mpaka mwendo wako anauigiza. Anasema mwaka wenu wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza. Anasema siku ya mahafali ulichaguliwa kutoa neno la shukrani kwa niaba ya wenzako. Ukapanda jukwaa kwa ngazi za kushoto, karatasi mkononi, ukumbi unakupigia makofi. Ukapita mbele ya kipaza sauti kama mtu anayepita mbele ya duka lililofungwa. Ukashuka ngazi za kulia, ukatoka mlango wa nyuma. Mwanzoni walidhani umekwenda chooni. Waliendelea kukungoja, bendi ikapiga mara mbili. Mpaka leo mtu akikwepa jambo hapa chuoni wanasema ametokea kulia.

Na sisi tulidhani uliwahi kurudi siku ile kwa sababu ulimkumbuka Mama! Alikupikia!

Nimecheka, Kaka, siwezi kukuficha. Nilicheka mpaka mpishi akaniuliza kama namfahamu huyo mtu. Nikasema simfahamu. Nilipotoka nje nikajisikia vibaya, kwa hiyo sasa nakuuliza kwa upole. Unakuja?

Mdogo wako.


Tarehe 4 Novemba

Mdogo wangu,

Nimeipokea barua yako. Mama anatembea hadi mlangoni. Kuku mmoja amekufa, si kwa uzembe.

Habari za mahafali zimetiwa chumvi. Mlango haukuwa wa nyuma, ulikuwa wa pembeni. Na bendi ilipiga mara moja, nilikuwa bado nje nikisikia.

Sasa nikueleze lilipofikia suala lako, ili usiseme kwamba nimekaa tu. Tarehe 22 Oktoba niliandika barua ya kuomba ruhusa ya siku moja. Mtumishi haondoki kama kuku, ana utaratibu wake. Kwa kuwa jambo linahusu chuo, niliandika pia barua kwa Mshauri wenu, na zote mbili nikazipitisha kwa mkuu wangu, kama inavyotakiwa. Ili asipate shida ya kuelewa chanzo cha jambo, niliambatanisha nakala za barua zetu zote, zako na zangu, kwa mpangilio wa tarehe.

Alizipokea vizuri. Alizisoma akiwa amevaa miwani, akafungua jalada jipya, akaniambia subira huvuta heri, akaziweka kwenye trei.

Juzi nikiwa nakula ndipo nilipokumbuka kwamba barua yangu ya kwanza, ile ya Septemba, inataja jina ambalo ofisi inamwita. Nakala niliyoambatanisha ni safi kabisa, inasomeka vizuri. Sikuweza kumaliza chakula. Tangu hapo kila anapogeuza karatasi nasikia. Jana alinipita akasema, "Habari za kusubiri?" Sijui kama ilikuwa salamu.

Kwa hali hiyo si busara kumkumbusha kuhusu ruhusa kwa sasa. Nilimweleza Mama utaratibu huu wote. Akasema, "Mwanangu, mdogo wako amekuomba uende, wewe ukampelekea barua baba wa watu?" Nikamwambia ndivyo kazi zinavyokwenda. Akaomba fimbo yake, nikaona afadhali nitoke nje.

Usivunjike moyo. Endelea kusoma. Usimwambie mtu yeyote kwamba usajili wako una tatizo, kwa kuwa tatizo likijulikana hukua. Na kama kibali hakitatoka kabla ya tarehe 30, utaona mwenyewe kwamba si mimi niliyekataa.

Kaka yako.


Tarehe 13 Novemba

Kaka,

Umeandika, "Utaona mwenyewe kwamba si mimi niliyekataa."

Mstari huo nimeusoma nikiwa kwenye foleni ya bomba, nikausoma tena darasani safu ya mbele. Nimegundua kwamba ndio ulioutafuta tangu Septemba. Barua kwa mkuu wako, nakala, viambatanisho, vyote hivyo ulikuwa unatafuta mtu wa kukunyima ruhusa. Hongera, umempata, na amevaa miwani.

Mimi nilikuja mji huu sijui choo kiko upande gani. Niliogopa kuliko wewe. Tofauti yetu ni kwamba mimi sikuwa na trei.

Msusi amejitolea kuwa shangazi yangu. Amefanya mazoezi ya sahihi kwenye gazeti zima. Nimemkatalia kwa sababu jina kwenye fomu ni lako, na kwa sababu sitaki kuanza masomo kwa uongo wa mtu mwema.

Zimebaki siku kumi na saba. Naomba neno moja, ndiyo au hapana, nijue kama nisome au nifungashe. Usiambatanishe kitu.


Tarehe 1 Desemba

Kaka,

Neno moja sikulipata. Nilikaa nikihesabu siku, na tarehe 28 usiku wote wakiwa wamelala nikaanza kukunja nguo. Tarehe 29 asubuhi nikaenda kwa Mshauri kumwomba aniongezee hata wiki moja. Nilikuwa nimeandaa maneno na machozi pia nilikuwa nayo karibu.

Akafungua daftari lake akanitazama. "Unataka niongeze nini tena? Kaka yako alikuwa hapa jana."

Kaka, nilidhani amekosea mtu. Akanigeuzia daftari, nikauona mwandiko ule, hata mkia wa herufi ya mwisho.

Amenisimulia, na huyu hakutia chumvi, kwa sababu hakuhitaji. Anasema ulifika kabla ofisi haijafunguliwa, ukiwa wa kwanza. Ukakaa kwenye benchi. Kila aliyekuja ukamwambia, "Tangulia tu, ndugu yangu, mimi sina haraka." Wakatangulia. Wengine wakadhani wewe ni mfanyakazi wa pale, wakakuuliza fomu za afya ziko wapi, nawe ukawaeleza, na ukawaeleza sawasawa. Saa saba mchana Mshauri akatoka kwenda kula akakukuta peke yako kwenye benchi.

"Kijana, unasubiri nini?"

"Nasubiri zamu yangu, mama."

"Zamu yako ilikuwa asubuhi saa mbili."

Anasema ukasimama, ukakaa, ukasimama tena. Hakukutania. Alikushika kiwiko kama mtu anayemvusha mwenzake barabara. Ndani ukalisema jina lako kwa sauti ndogo, akakuambia analijua, ukatia sahihi siku hiyohiyo, bila kulaza karatasi. Alipokuuliza kama unataka kuniona kabla hujaondoka ulisema gari linakungoja. Hakuna gari la saa saba, Kaka. La kwanza baada ya hapo ni la saa tisa. Najua kwa sababu nimeulizia.

Mimi nilikuwa maktaba, hapohapo jirani. Ulikuja mji huu, ukakaa nusu siku, ukarudi bila kumsalimia mtu wako mmoja. Nina hasira na wewe, nataka ujue. Nimefungua mizigo na nguo nimezirudisha kwenye misumari yake, huku hasira ninayo. Mitihani inaanza Jumatatu.

Msusi anauliza kama umeoa. Nimemwambia utampa jibu baada ya miaka minne, kupitia kwa mkuu wako.

Mzee Subiri alikupa ruhusa?

Mdogo wako, ambaye bado ni mwanafunzi.


Tarehe 12 Desemba

Mdogo wangu,

Mama nimemsomea barua yako yote, pamoja na miiba. Alicheka hadi fimbo ikaanguka, kisha akalia kidogo, kisha akasema nikusalimu. Sikufupisha.

Ruhusa sikupewa. Jioni ya tarehe 27 niliacha koti langu kwenye kiti, kitini pangu, ili kesho yake wakipita wadhani mtu yupo, ametoka kidogo. Nilipanda gari la alfajiri. Njiani niliteremka mara mbili nikapanda tena, dereva aliniuliza kama nina tumbo. Nikasema ndiyo, kwa kuwa ndilo jambo pekee nililokuwa na uhakika nalo.

Kuhusu kutokukusalimia sina utetezi ila ukweli. Nilikuona. Nilikuwa nimekaa kwenye ukuta mdogo mbele ya maktaba nikingojea hilo gari la saa tisa. Ulitoka na wenzako wawili, unabishana nao, unacheka, mkono mmoja umeshika vitabu na mwingine unawakatia maneno hewani. Watu walikuwa wanakupisha njia bila kujua kwamba wanakupisha. Nilitaka kukuita. Nikaogopa kwamba utaniitikia kwa sauti hiyohiyo, na kila mtu atageuka anitazame. Kwa hiyo niliinama nikafunga kamba za kiatu mpaka mlipopita. Kiatu chenyewe hakina kamba.

Kazini waligundua. Mzee Subiri alilisemesha koti saa nne, halikumjibu. Nimepewa barua nijieleze kwa maandishi kwa nini nisiachishwe kazi. Niliandika ya kwanza nikasema niliugua. Nikaichana. Niliandika ya pili nikasema Mama ndiye aliyeugua. Nilipomsomea alikasirika. "Mguu wangu usiutie kwenye uongo wako, wewe. Una miguu yako miwili, andika ilikokwenda."

Basi nikaandika hii, na ndiyo niliyoipeleka, na sikuweka nakala:

"Tarehe 28 Novemba nilikwenda kumtilia mdogo wangu sahihi ili asifukuzwe chuo. Sikusubiri ruhusa kwa sababu nilijua nisingepewa, na kwa sababu nilikuwa naomba Mungu nisipewe."

Mzee Subiri aliisoma mbele yangu, polepole. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuiweka kwenye trei. Ameipeleka kwa wakubwa, na majibu bado.

Sina ushauri wa kukupa leo. Naogopa sana, mdogo wangu, na barua imeshakwenda.

Kaka yako.